Debe Tupu

Kimashine chenyewe hakizidi kipande cha mkate.
Nilikitoa Luthuli, kwa Wafula wa spika,
kioo kimepasuka kwenye kona, kitufe kimoja
hakiitiki mpaka ukibembeleze.
Betri mbili ndogo, zile za rimoti.

Usiku, Pipeline, ghorofa ya sita,
nalala chali, miguu juu ya ukuta,
na visanduku kumi na sita vinanitazama
vyeusi, kama madirisha ya jengo la mbele
stima ikipotea.
Nawasha cha kwanza.
Du.
Naruka, naruka, naruka.
Nawasha cha saba, noti imepanda kidogo.
Cha kumi nakiwasha, nakizima, nakiwasha.
Cha kumi na moja nakiacha gizani.

Sauti tatu tu.
Nilipoanza nilivijaza vyote,
ikawa kelele ya fundi wa mabati.
Besi haipendi maneno mengi.
Besi ni yule mtu wa matangani
asiyehutubia,
anayebeba viti.

Shida ilikuwa spika: kifungo cha koti.
Besi inaingia humo, anatoka mbu.
Juu ya meza, mbu.
Juu ya sufuria, mbu aliyekasirika.
Mpaka Jumapili moja, siku ya nne bila maji,
nikakisimamisha juu ya mtungi wa lita ishirini,
wa manjano, uliokuwa wa mafuta ya kupikia,
mtupu hata tone,
na chumba kikashusha pumzi.
Duu.
Niliisikia magotini kabla ya masikioni.
Kijiko kikatembea ndani ya kikombe.

Debe tupu haliachi kuvuma.
Mwalimu Mutheu alinitandika methali hiyo
mbele ya darasa la sita zima
kwa kupigapiga dawati.
Sibishi, mwalimu.
Ila hukutuambia linavuma noti gani.
Hili langu linavuma chini,
chini ya redio ya jirani, chini ya mtoto anayekohoa,
chini ya kodi ya tarehe tano,
mahali ambapo jengo lenyewe linajishikilia.

Ukuta ukagongwa.
Ni Kwamboka, anayeamka saa kumi kwenda kiwandani.
Nikapunguza sauti, nikangoja matusi.
Ukagongwa tena: mbili, kimya, moja.
Nikapunguza zaidi.
Mbili, kimya, moja,
pole pole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.
Nikahesabu visanduku kwa kidole.
Ile moja yake ilikuwa inaangukia
cha kumi na moja.

Nikakiwasha.
Upande wa pili hapakugongwa tena.

Saa nane usiku pampu ikaunguruma,
mtu akapaza sauti ngazini, "Maji!"
na jengo zima likaamka kwa malapa,
beseni, ndoo, watoto wamebebwa na usingizi wao.
Nani huyakataa maji?
Nikakiondoa kimashine, nikapanga foleni na mtungi wangu,
nikaurudisha umejaa mpaka shingoni.
Nikajaribu.
Mbu.

Nilikuwa nimepishana na Kwamboka ghorofa ya tatu,
mitungi miwili, kanga kichwani, hakusimama.
"Ile ya mwisho," alisema, "ivute kidogo.
Unaikata kama unaogopa."

Nikachota kikombe, nikajaribu.
Nikachota sufuria ya chai.
Kila ninachotoa, noti inashuka
unywele mmoja.

Asubuhi nilifua nguo zote,
mapazia,
hata zile zilizokuwa safi.