Nakala Saba

Hoza Singano ameingia tena dukani
na jalada ndani ya kiroba cha sukari.
"Nakala saba. Na usiruke ukurasa."

Duka langu lipo Chumbageni, karibu na mahakama:
mashine moja, stepla mbili,
uzi wa kushonea majalada
na feni inayofunua siri za watu.

Nimeshaisoma kesi yake huku nikiichapa.
Kule Muheza Serikali ilipanua barabara,
tingatinga likapita juu ya michungwa yake
arobaini na mmoja.
Mthamini akaandika: kumi na tisa, michanga.

Huwezi kuishtaki Serikali
kama unavyomshtaki jirani mwenye mbuzi mharibifu.
Unaipigia hodi kwanza, notisi ya siku tisini,
na siku tisini haikuitikii karibu.

Mahakama Kuu, Jaji alisema maneno mazuri
kuhusu jasho la mkulima.
Kisha akasema dai halikuthibitishwa.

Huku Tanga ukisema rufaa watu wanafikiri Bombo:
machela, ndugu wanasukuma, nesi anafungua mlango.
Rufaa hii nyingine mgonjwa anajibeba.
Siku thelathini za kutoa taarifa,
sitini za kuwasilisha kumbukumbu,
barua ya kuomba mwenendo wa kesi,
barua ya kuikumbushia barua.

Majaji wa Rufani walipokuja kukaa kikao
shauri lake lilichukua dakika tisa.
Wakili wa Serikali alisimama, mpole kama mkwe:
Waheshimiwa, kielelezo P7 hakimo.
Rufani ikafutwa.
Hoza akatoka akiwa hajaulizwa hata jina la shamba.

P7 ni orodha ya michungwa.
Ameiandika mwenyewe, kwa kalamu ya bluu,
mti kwa mti, na mwaka uliopandwa;
wa kumi na nne ameandika: huu wa marehemu.

Jioni ile nilifungua mashine kuisafisha.
Ukurasa wa mia mbili na kumi na tatu
ulikuwa tumboni, umekunjamana, bado una joto la aibu.
Karatasi mbili zilipita pamoja. Sikuhesabu.

Sijamwambia.

Mwaka na miezi minne ameomba kuongezewa muda,
ameapa kiapo, ameeleza kila siku aliyochelewa
kana kwamba siku zile alizila yeye.
Amepewa. Ndiyo maana yuko hapa,
amekaa kwenye ndoo ya rangi,
anatazama mwanga wa mashine ukienda na kurudi.

Nahesabu kwa kidole nilicholowesha.
Mia mbili na kumi na mbili. Kumi na tatu. Ipo.
Mara saba ipo.

"Leo sitaki hela, Bi Hoza."
Ananitazama kama nimemtukana.
"Chukua hela. Niandikie risiti.
Siku nikishinda
nitawadai na gharama za karatasi."

Naandika risiti.
Kwenye mstari wa maelezo kalamu inasimama,
inasimama sana,
mpaka anauliza kama wino umeisha.