Daftari la Posho

Marehemu baba alikuwa karani wa mkonge.
Ameacha suruali mbili, saa isiyotembea,
na daftari hili la jalada jekundu,
kurasa thelathini na nne hazijaguswa:
Jina. Kazi. Siku. Posho. Sahihi.
Mistari imepigwa kwa rula, wino wa buluu,
inangoja watu ambao kampuni haikuwaita tena.

Nimeteremka nalo shambani, Kiomoni,
pale Zigi unapokata kona ghafla
kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani.
Vuli imechelewa siku tisa.
Naandika.

Jina: Kenge.
Kazi: mlinzi wa mayai ya bata wangu.
Posho: amejilipa mwenyewe, mawili usiku,
moja asubuhi, mbele ya macho yangu.

Jina: Hondohondo, mume.
Mkewe yumo tunduni, mkuyu wa pili toka pampu,
mlango umezibwa kwa udongo,
umebaki ufa wa kupitisha mdomo na tunda.
Leo amekuja mara kumi na saba.
Baba angeandika pembeni: ovataimu.

Keremkerem wamefika Jumanne.
Wametoka huko ambako, tunaambiwa,
miti huvuliwa nguo yote baridi ikikaribia.
Kwetu jani huanguka likichoka,
halingoji tarehe.
Wamejipanga juu ya waya wa umeme, kijani na dhahabu,
na kila anayeruka hurudi na nyuki.
Semhando, mwenye mizinga ng'ambo,
anawarushia mawe, kisha matusi ya Kibondei.
Mawe hayafiki.
Matusi yanafika kwangu.

Chozi kaingia kichwa chini katika ua la mgomba.
Chozi ndege, nasema, si lile jingine.
Lile halikupigiwa safu.

Baba alijua majina ya wakataji mia nne na sita,
nani wa Makonde, nani wa Kigoma, nani anaumwa mgongo,
nani anadai na nani anadaiwa.
Ndege alimjua mmoja tu, kunguru.
Waliobaki aliwaita "hao".
Hao wamekula mpunga. Hao wanapiga kelele.
Ningemwonyesha mdiria, alivyo mdogo,
anavyojitupa majini kama kipande cha anga kilichobanduka,
angesema: haya, na tani ngapi kwa siku?

Saa kumi na mbili na dakika kumi na nane
popo wametoka mapangoni.
Safu ya Jina haitoshi.
Nimeandika: Popo na wenzake.

"Na mamba?" ameuliza Mwantumu, mtoto wa dada,
akiwa na ndoo kichwani na mguu mmoja hewani.
Mamba simwandiki.
Chini ya kibanda cha pampu liko tumbo lake topeni,
alama pana kama jamvi, kingo bado mbichi.
Asiyeandikwa hadai.
Lakini tumehamisha mahali pa kuchotea,
na mbwa tunamfunga.

Siku ya kumi, alasiri, harufu kwanza.
Vumbi limenyanyuka kidogo, limekaa.
Matete yameinama upande mmoja yote,
kisha bati la kibanda likaanza kusema,
na sikuona tena ng'ambo, wala mizinga, wala Semhando.
Usiku vyura wameshika zamu, kila mmoja na neno lake moja,
na mto umekuwa rangi ya chai ya maziwa, unabeba
kumbi za nazi, kandambili ya kushoto,
gogo lenye yangeyange juu yake, amesimama wima
kama abiria aliyekwisha lipa.

Kumbikumbi wamejaa kwenye taa.
Mwantumu anawakusanya kwa sufuria, anauliza chumvi iko wapi.
Wengine wameanguka kurasani, wametembea,
wameacha mabawa.
Bawa moja limenata kwenye wino haujakauka,
safu ya Sahihi,
mstari wa keremkerem.
Si lake. Nimeliacha hapo.

Baba angelikwangua kwa wembe.