Kielelezo Namba Nne

Simu ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni
juu ya kaunta, kati ya rejesta na chai yangu iliyopoa,
kioo kimepasuka kama kisigino cha mkulima.
Nilikuwa nimeshaandika:
Kielelezo namba moja, kofia ngumu, haina kamba.
Namba mbili, kandambili ya mguu wa kushoto.
Namba tatu, noti ya elfu mbili, imelowa.
Namba nne, simu –
hapo ikawika.

Si kulia. Kuwika. Kijana wa bodaboda
alikuwa ameitegea mlio wa jogoo,
na saa tisa ya usiku, Kigogo, kituoni,
mahabusu mmoja akacheka kule ndani:
Afande, kumekucha.

Kwenye kioo: MAMA NANIHII.
Hivyo hivyo. Labda alikuwa akimtania mkewe,
labda mtoto alikuwa bado hajapewa jina.

Chuoni Moshi walitufundisha kwata,
walitufundisha kufungua bunduki na kuifunga gizani,
kupiga saluti hadi bega likaota sugu.
Hawakutufundisha
sentensi inayofuata
baada ya haloo.

Nikasema: Unaongea na Koplo Eliwaza.
Akasema: Dada, mwambie asisahau maziwa ya unga.
Nikanyamaza.
Ukimya wangu ndio uliomwambia.

Asubuhi nilikabidhi zamu: pingu, funguo, mahabusu sita.
Nikasaini kila mstari wa kitabu.
Kile kimoja hakikuwa na mstari.

Kota zetu, Kilwa Road, ukuta mmoja na majirani wote,
ukikohoa huku unapewa pole kule.
Nilidhani nitafungua bomba, lipige kelele kwa niaba yangu,
lakini maji ya mgao hutoka Jumanne na Ijumaa.
Basi naingia bafuni na ndoo,
nachota kwa kopo, namwaga humo humo ndooni,
chota, mwaga, chota, mwaga,
ili wanangu wajue mama anaoga.
Mdogo akaniuliza mlangoni:
Mama, mbona unatoka mkavu?

Jogoo wa Mama Shamsa huwika saa kumi na moja.
Mkono wangu huenda mfukoni kabla macho hayajafunguka.
Gauni la kulalia halina mfuko.
Mkono unautafuta tu.

Barabarani watu wananitazama tumbo, wanasema:
hawa kazi yao kula.
Sibishi. Wapo wanaokula.
Mimi tangu Februari wali hauna ladha,
namezea kama dawa.

Sajenti Mahende, miaka ishirini na sita kazini,
anayemfokea hata paka wa kituo,
juzi alivuta stuli, akaketi,
akaweka kashata mbili juu ya kitabu cha RB.
Hakuniuliza kitu. Alisema, akiitazama feni:
"Wangu mimi ni harufu ya nazi inayoungua.
Ulikuwa moto, Tandale, jiko la uani. Walikuwa wanne.
Mke wangu siku hizi hapiki tui. Anadhani silipendi."
Akainuka,
akaenda kumkaripia kijana aliyelegeza mkanda.

Jana Mama Shamsa alipata wageni kutoka Pangani.
Akamchinja jogoo. Akaniletea bakuli, paja na mchuzi,
na limao pembeni.
Nilishukuru. Nikawapa watoto.

Leo alfajiri, kimya.
Feni, na lori la taka mbali huko Mtoni.
Saa kumi na moja kamili mkono ukaenda wenyewe,
ukabaki hewani
kama wa trafiki anayesimamisha gari lisilokuwepo.

Simu yangu ikatetemeka. Milio yote nimeizima.
Mahende: Umelala?
Nikaandika: Nimelala.
Akajibu papo hapo:
Hata mimi.