Jumanne na Alhamisi

Alikuja na penseli na miwani ya kusomea,
viatu vimepigwa rangi. Vumbi la Tandika
likavipanda kabla hajafika mlangoni.

Siku mbili kwa juma, tulikubaliana,
ndizo nilizoweza kumudu
za mtu aliyekalia fedha za kiwanda cha saruji
miaka ishirini na mitatu
akaagwa kwa saa ya ukutani.

Mafundi walimwita Bwana Jumanne.
Jina lake Rwechungura liliwakwama.
Binamu yangu Mfaume, mshika daftari
tangu tuna cherehani mbili barazani,
hakumwita kitu.
Alimsogezea stuli yenye mguu mfupi.

Mimi najua shati la shule huchanikia wapi.
Najua sketi ya darasa la tatu
iachiwe pindo la vidole vinne,
kwa kuwa mtoto hukua
na baba hanunui nyingine.
Nisichokuwa nakijua ni hiki:
Januari hatulali, vyerehani thelathini na mbili
vinapiga kama mvua juu ya bati,
shule za Mbagala zinapanga foleni,
na Februari sina hela ya nyuzi.

Nilidhani ni kijicho.
Nikauhamisha mlango, ukaelekea kibla.

Yeye hakuuliza habari za mlango.
Aliuliza daftari.

Majuma matatu alisoma, chai inapoa,
anafunua kurasa zenye mafuta ya cherehani
chini ya ukuta ambao marehemu mama aliuandika kwa chaki:
*Mali bila daftari hupotea bila habari.*
Daftari tulikuwa nalo.
Ila hakuna aliyelisoma.

Alhamisi moja, feni inazungusha
harufu ya kitambaa kipya, akavua miwani.
"Nimempata mdaiwa wako mkubwa.
Shule zote ukizijumlisha hazimfikii."
Mfaume akainamisha macho.
Nikamtazama ndugu yangu, Mungu anisamehe,
nikamtazama kama mwizi.

Rwechungura akaligeuza daftari lielekee kwangu.
Z., harusi ya Kibada, laki nne.
Z., kodi ya shangazi.
Z., mbuzi.
Z., rambirambi, msiba wa nyumba ya pili.
Z., laki na nusu, hakusema ya nini.
Kurasa kumi na moja, mwandiko wa Mfaume,
umenyooka, haukuruka hata siku moja.

Zamoyoni. Mimi.

"Kampuni ni yangu," nikasema. "Nitajidai vipi?"
"Umeizaa, ndiyo," akasema, anaichonga penseli.
"Lakini mtoto huyu unamtuma dukani kila saa,
shule hujampeleka."

Sikumjibu. Nilitoka nje nikahesabu majora
ambayo nilikuwa nimeshayahesabu.

Bibi alikuwa akisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hakutuambia kupona kunauma.

Sasa napanga foleni tarehe ishirini na nane
nyuma ya Sikudhani wa vifungo,
natia sahihi, napokea changu.
Shangazi akipiga simu namwambia subiri mwisho wa mwezi.
Ananiambia nimekuwa na roho ya benki.
Jioni nyingine naamini hivyo,
maana droo ile ilikuwa moyo wangu pia,
niliifungua bila ufunguo,
na mtaa mzima ulinijua kwa mkono huo.

Shule ya Mtoni imeambiwa: nusu kabla ya mkasi.
Imenuna. Imelipa.
Nyingine imenuna, ikaenda kwa jirani.

Februari bado. Nyuzi zipo kabatini,
kaki, bluu, nyeupe, nazitazama
kama mtu anayetazama maziwa jikoni.

Na Jumanne iliyopita, nilipofika mapema kufagia,
nilikuta chini ya mguu mfupi wa stuli
kipande cha kaki kimekunjwa mara nne,
kimeshonwa pembeni ili kisifumuke.

Mshono naujua.
Sikumwambia Mfaume kitu.