Ifu ya Sikudhani

Darasa letu ni stoo ya nafaka, Tandika,
nyuma ya duka la Hilali.
Tunaanza saa moja na nusu, mizani ikishafunikwa.
Luku ikiisha, tunaendelea kwa tochi za simu.
Ona: nimeshatumia sharti, wala sikujisikia.
Ndiyo taabu ya kufundisha
kitu ambacho watu wamekivuta pamoja na pumzi.

Kiswahili hulificha sharti tumboni mwa kitenzi,
kama noti kwenye pindo la khanga:
ukija, ungekuja, ungalikuja.
Halionekani, ila ukipapasa utaligusa.
Mwingereza kalisimamisha nje, mlangoni,
ifu,
bawabu anayekuuliza unakwenda kwa nani.

Nilichora safu tatu.
Ya kwanza ni ya jambo linaloweza kuwa.
Nikawapa: usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Chaurembo, anayehesabu makontena bandarini,
aliigeuza bila kukwama, ila ufa akauita shimo.
Ya pili ni ya mtu aliyelala chali
akipanga vyumba vya nyumba asiyo na kiwanja chake.
Ya tatu, ningalijua,
mgeni anayefika sahani zimeshaoshwa.

"Jambo ni la kesho," akauliza Mwanahawa,
"mbona kitenzi cha safu ya pili kimevaa jana?"
Nikamwambia: Waingereza wasichokiamini hukisogeza mbali,
na mbali yao ni jana.
"Na hiyo wea? Mimi ni mmoja,
kwa nini nipewe kitenzi cha wengi?"
Kwa sababu hapo, nikasema, mimi siye mimi.
Wakacheka.
Sikudhani hakucheka. Aliandika.

Alhamisi usiku nikasahihisha madaftari.
La Sikudhani linanuka Jiki;
anafua mashuka ya gesti tatu za Kariakoo,
ana miaka hamsini na mmoja.
Alikuwa ameandika, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi:
Nikimaliza kidato cha nne, nitasomea ukunga.
Ifu mahali pake, wili mahali pake.
Nikachukua kalamu nyekundu.
Pembeni nikaandika: Aina ya tatu.
Ungalimaliza, ungalisomea.
Nilidhani ninautetea ukweli.

Jumatatu alibaki wenzake wakitoka.
Akalifungua daftari juu ya gunia la choroko.
"Nimekosea wapi?"
Kisarufi, hujakosea.
"Basi huu wino wa nini?"

Nikaanza: umri, ada, mtihani wenyewe, hesabu...
Akanyanyua kiganja kilichochubuliwa na sabuni.
"Ulisema anayechagua safu ni msemaji.
Hukusema kalenda.
Ningetaka ya tatu ningeiandika, ninazo tele."
Akanipa moja, upesi, kama mtu anayerudisha chenji:
"Baba asingaliuza baiskeli iliyonipeleka shule,
nisingalijua uzito wa shuka lililolowa.
Hiyo imekwisha.
Hii bado."

Nje Hilali alikuwa akishusha mlango wa bati.
Nilitafuta cha kufutia; wino ule haufutiki.
Nikaikata sentensi yangu, mstari mmoja, mpaka mwisho,
na kwenye yake nikaweka vema,
kubwa kuliko inavyotakiwa, kama mtoto anayejifunza.
Aliiangalia, akafunga daftari,
akauliza kama kesho kuna kipindi.

Juzi alinitumia ujumbe.
Kachukua fomu ya watahiniwa wa kujitegemea,
kaijaza yote isipokuwa sehemu ya picha.
Nikikwama kwenye hesabu, aliandika, utanifundisha?

Hesabu zilinishinda tangu darasa la sita.
Nikamjibu: Ningekuwa nazijua, ningekufundisha.

Jibu lilirudi kabla sijaiweka simu chini:
Hiyo ni safu ya pili, mwalimu.
Andika upya.