Barabara Imefungwa

Kwetu Waihuru, kabla hujawasha gari
unapiga magoti kwanza.
Mgeni hudhani tunasali.
Tunachungulia uvunguni, huenda pengwini
amejibanza nyuma ya gurudumu,
ananyonyoka manyoya, kanuna
kama mpangaji anayedaiwa kodi.

Wengine wamehamia chini ya sakafu ya posta.
Mchana kimya. Usiku hugombana
mpaka Fergus, anayelala juu yao,
agonge mbao kwa kisigino.
Nao humjibu.

Kwa hiyo Januari ile, simba-bahari alipopanda kutoka ufukweni,
akakata uwanja wa mpira kwa tumbo, akavuka lami,
akapenya kwenye pengo la ua wa Merepeka
na kuzaa kati ya kamba ya nguo na pipa la taka,
hatukupiga kelele. Tulishusha sauti tu,
kama watu waliochelewa ibada.

Bi Tregenza wa halmashauri akaleta vizuizi viwili
na kibao: BARABARA IMEFUNGWA. Wiki nne.
Msimsogelee, alisema, hatua ishirini.
Basi la shule likaishia kileleni. Taka zikavunda.
Mashua ya Fergus ikakwama upande usiofaa wa kibao,
naye akawa haamkii mtu dukani.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
haya, mwenye mapezi utamkabidhi vipi?

Mimi nilikuwa na wangu, Arihia, miezi minane,
na zamu ya alfajiri kiwanda cha kome.
Siku ya tisa nilitoka kwa Merepeka, buti mkononi,
nisimwamshe mtoto,
na yule mama naye alikuwa akitoka.
Mwendo uleule:
hatua mbili, simama, sikiliza nyuma.
Mwanawe kalala juu ya mataulo
aliyoyaangua kambani.
Tulitazamana. Jicho lake lilitiririka maji,
lakini yao hutiririka daima;
usinisaidie kutafuta maana.
Akashika njia ya bahari,
mimi ya kiwanda.

Saa nane mchana nilikwisharudi, nanuka kome.
Yeye alikawia siku mbili.

Usiku wa kwanza kitoto kililia,
sauti ya mwanakondoo ndani ya ndoo.
Taa zikawaka mtaani, moja, nyingine, nyingine.
Hairuhusiwi kumlisha. Hairuhusiwi kumgusa.
Tukakaa vibarazani, kila mtu kwake,
tukifanya lile lililoruhusiwa:
kukosa usingizi.
Wangu alikuwa ameshiba, anakoroma,
na bado maziwa yakanijia, yakalowesha shati.
Sikumwambia mtu.

Saa tisa usiku nikamwona Fergus kwenye kizuizi,
koti la mvua juu ya nguo za kulalia,
tochi, chupa ya chai.
Malori, akasema bila kuulizwa.
Hupenda kukata njia hapa.
Hakuna lori lililopita tangu Jumatatu.

Alirudi usiku wa pili, kajaa, mzito,
akabweka mara moja penye pengo la ua.
Kilio kikakatika katikati.
Upande wa pili wa barabara mtu akapiga makofi,
kisha akaona haya, akaacha.

Februari wakashuka, kwanza dimbwini,
kisha kwenye kijito, kisha sikuwaona tena,
nilikuwa kazini.
Vizuizi vilichukuliwa. Kibao kilisahauliwa;
Merepeka amezibia tundu la banda la kuku.
Fergus huamkia watu, akikumbuka.

Kati ya kamba na pipa pamebaki bonde dogo,
nyasi zimekataa kuota.
Arihia anatambaa sasa. Jana nilimkuta humo,
kalala kwa tumbo, soksi mdomoni, anacheka peke yake.
Nikasimama pale pale, hatua ishirini.
Ilinichukua muda kukumbuka
kwamba huyu ni wangu.