Veranda Isiwekwe Taa

Lempi alinipigia simu mwezi wa kumi na moja,
wakati jua la Kemi huchungulia tu
kama mgeni anayeuliza njia, kisha huyo, ameshaondoka.
"Mume wangu anapotelewa na macho," alisema.
"Njoo utie taa. Kila chumba. Kali.
Nataka nyumba iwake kama chumba cha upasuaji."

Miaka ishirini na miwili ya ufundi umeme
imenifunza kutobishana na hofu ya mtu kwenye simu.
Nikapakia gari.

Oiva alinipokea mlangoni akitazama sikio langu.
"Usidhani nakudharau. Nikikutazama usoni, uso huna.
Katikati ya jicho pamekufa, pembeni bado pazima,
basi watu wote siku hizi nawatazama kama mwizi."
Akacheka peke yake.

Tulianza jikoni.
Taa ya zamani ilining'inia nyuma ya mpishi:
Lempi akimenya viazi, anamenya ndani ya kivuli chake mwenyewe.
Nikapitisha ukanda wa taa chini ya makabati,
mwanga ukaangukia kisu, si kisogo.
Ya mezani nikaiteremsha hadi karibu na mvuke wa supu,
maana samaki wa huku ni wadogo
na miiba yao haina huruma.
Bado Oiva akamwaga maziwa nje ya kikombe.
Kikombe cheupe, maziwa meupe:
hapo hata wati mia haziokoi.
"Nunua vikombe vyeusi," nikamwambia Lempi.
Akaniangalia kana kwamba nimekuja kuuza vyombo.

Bafuni, taa mbili, kulia na kushoto kwa kioo,
kwani taa ya juu humchora mtu masharubu asiyo nayo
na wembe hufuata uongo.
Ushorobani, mstari mwembamba usawa wa vifundo vya miguu,
rangi ya asali, unaoamka ukihisi hatua,
ili anayekwenda haja usiku wa manane
asirudi kitandani na mchana kichwani.
Ngazi ya kushukia sauna nikaipa kila kidato mwangaza wake.
Sauna yenyewe tukaiachia utusitusi wake.
Mvuke hauhitaji kuonekana.

Sebuleni waligombana.
Lempi alitaka taa nne darini.
Oiva akasema zitamwagika machoni mwake kama maziwa yale,
kwamba mwanga mwingi nao ni pazia.
Nikafunga swichi ya kupunguza na kuongeza.
Kila mmoja akaizungusha kuelekea upande wake,
nami nikajifanya natafuta bisibisi.

Ikabaki veranda, ile ya vioo, inayotazama uani.
Taa yake ilikuwa kali kuliko zote. Lempi alikwisha ilipia.
"Hapana," Oiva akasema. "Zima na ya jikoni. Njooni mketi."

Tukaketi gizani, makoti mabegani.
Mimi sikuona kitu: theluji, ua,
kijivu juu ya kijivu.
Zikapita dakika tano, labda kumi.
Nilikuwa nahesabu saa yangu ya kazi, kusema kweli,
Oiva aliponong'ona, uso kaugeuzia ukutani:
"Yuko karibu na tundu la uzio. Msimtazame yeye.
Tazameni kando yake."

Nikatazama kando, nikamwona.
Sungura mweupe juu ya theluji nyeupe,
akiguguna gome taratibu, kama mwenye nyumba.

"Ananijia kila usiku tangu vuli," Oiva akasema.
"Giza likiingia, mimi ndiye mwenye macho humu ndani."

Lempi hakujibu.
Nilisikia tu mkono wake ukipapasa hewani,
ukitafuta mkono wa mumewe
na kuukosa, mara ya kwanza, mara ya pili.

Fedha ya taa ile niliirudisha.
Yenyewe ingali ndani ya boksi nyuma ya gari langu,
inagongagonga kila ninapokata kona.